Mpira wa Cuca Ulikuwa Ndani

Refugio Zavala, ambaye mji mzima wa Toluca unamwita Cuca, alikuwa mtu wa kuamka na hasira. Wengine huamka na kikohozi, yeye aliamka na ugomvi. Angali anageuza tortilla, chapati za mahindi, juu ya moto kwa vidole vitupu, kichwani tayari anamjibu mtu. Majirani walikwisha kumzoea. "Ndio moto wake huo," walisema, "ndio uliomfikisha Paris." Upuuzi mtupu! Hasira haikumfikisha Cuca popote. Ilimpanda mgongoni akiwa na miaka kumi na mitano, akaibeba kwenye viwanja vya dunia nzima, na alipoacha tenisi, magoti yamekwisha na magazeti yamemsahau, yenyewe ikabaki naye.

Wala simlaumu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na Cuca haki yake aliporwa mchana kweupe, jua linawaka, watu wamekaa chini ya miavuli wanakunywa maji ya ukwaju.

Baba yake, don Hermilo, alikuwa mtunza viwanja katika klabu ya wenye nazo, ile iliyo kwenye njia ya kupandia mlimani. Alfajiri, baridi inakata masikio, yeye alikwisha kuumwagilia maji udongo mwekundu, akaukokotea wavu mzito ili ulale sawa, akaifagia mistari mpaka ikang'aa. Wanachama wakija na fulana zao nyeupe, ilitakiwa awe ametoweka. Aliingilia mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka, na familia yake ilikaa vyumba viwili nyuma ya pampu ya maji. Huko ndiko Cuca alikokulia, akipiga mipira iliyochakaa kwenye ukuta wa pampu kwa kipande cha ubao.

Mwanachama mmoja, don Evaristo Landeta, mwenye kiwanda cha matofali, alimwona siku moja akacheka mpaka akashika tumbo. Huyo don Evaristo alijiona ndiye mwenye klabu, maana ule udongo mwekundu ulikuwa matofali yake yaliyovunjika, yamesagwa.

"Hermilo!" aliita. "Huyu panya wako anapiga kuliko binti yangu, na binti yangu ana mwalimu!"

Kwetu mtu hafanyi jambo kubwa peke yake. Harusi ina padrino wa pete, padrino wa keki, padrino wa muziki. Mtoto akimaliza shule ana padrino wa viatu. Padrino ndiye anayetoa kitu chenyewe, na akishatoa amekuwa ndugu. Basi don Hermilo akavua kofia, akamwomba don Evaristo awe padrino wa raketi. Raketi ikaja. Ilikuwa kuukuu, ya Ximena, binti wa don Evaristo, na kwenye kishikio Ximena alikuwa amechora maua kwa rangi ya kucha. Lakini ilifungwa utepe, padri akainyunyizia maji, mama yake Cuca akapika mole ya bata mzinga, mchuzi mzito wa pilipili na kakao, siku mbili, na kuanzia hapo wanaume wale wawili wakaitana kompadre.

Kompadre si neno la mzaha. Kompadre humbishii mbele za watu, wala humwaibishi. Tofauti ni kwamba don Evaristo alisema "kompadre" huku akimrushia mwenzake taulo lenye jasho, na don Hermilo alisema "kompadre" huku kofia iko mkononi. Cuca aliliona hilo tangu utotoni. Baba yake hakuliona, au aliliona akaona ni sawa, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Ikafika fainali ya wasichana wa klabu. Cuca aliruhusiwa kucheza kwa heshima ya padrino wake, ndivyo walivyosema, heshima ya padrino, kana kwamba mkono uliokuwa ukiwafunga wote ulikuwa wa padrino. Mshindi angepelekwa Guadalajara, kwenye mashindano ya taifa, ambako makocha wakubwa huja kuchagua. Aliyesimama upande wa pili wa wavu alikuwa Ximena.

Cuca alimzidi tangu mwanzo. Ikabaki pointi moja. Ximena aliurudisha mpira mlegevu, na Cuca akaupiga kwa nguvu zake zote ukaenda kuanguka kona ya mbali, juu ya mstari. Ximena hakuufikia hata kwa raketi. Cuca akainua mikono juu.

"Nje!" akasema Ximena.

Kwenye udongo mpira huacha alama, kama kidole kwenye unga. Na pale klabuni ilikuwa desturi: wachezaji wakibishana, anaitwa mtunza uwanja aisome alama, na akishasema, amesema. Don Evaristo akapaza sauti kutoka chini ya mwavuli: "Kompadre! Njoo utusomee!"

Don Hermilo akaja na ufagio wake. Cuca alikwisha kuikimbilia alama ile, aliiona: nusu imelala juu ya mstari, wazi, hata kipofu angeipapasa. Alikuwa anatabasamu. Baba yake aliinama akaitazama. Kisha akainua uso akamtazama kompadre wake, ambaye hakuwa amekunja uso wala nini, amekaa tu, amemtolea macho.

"Nje," alisema don Hermilo. Na akaifuta alama kwa kiatu.

Cuca aliyarudia yale kichwani miaka yote, na kila mara kilichomchoma si lile neno. Neno mtu anaweza kuteleza. Ni kile kiatu. Alitazama kiatu cha baba yake kikienda mbele, kikirudi nyuma, mpaka udongo ukawa laini, na baada ya hapo hakupata tena hata gemu moja. Guadalajara alikwenda Ximena. Alitolewa siku ya kwanza, akarudi na kofia mpya na picha nyingi.

Jioni ile, mezani, don Hermilo alichukua kipande chake cha nyama akakiweka kwenye sahani ya binti yake.

"Papa, mpira ulikuwa ndani."

"Kula, binti."

"Papa, uliuona."

"Mtu hamwaibishi kompadre wake, Cuca. Wewe bado mdogo, hujui."

"Na mimi? Mimi ni nani wako?"

Mama akasema wote wanyamaze, chakula kinapoa. Cuca hakuila ile nyama. Asubuhi aliikuta sahani kama ilivyokuwa, akaipeleka kwa mbwa.

Alichelewa kuanza, basi, lakini alianza. Kocha mmoja mwanamke alimwona kwenye viwanja vya manispaa akamchukua Monterrey, na kutoka huko akaingia kwenye tenisi ya kulipwa. Usidhani alikuwa wa kubahatisha. Alishinda Mazatlán, alishinda Bogotá, alishinda mara mbili Antalya. Alilala kwenye viti vya stendi za mabasi, akafua soksi kwenye masinki ya hoteli. Alikuwa na pumzi ya watu waliozaliwa juu mlimani. Mwenzake akishaanza kuhema, yeye ndio kwanza anapata joto.

Lakini mistari hakuigusa. Baada ya siku ile hakuwahi tena kulenga mstari. Mipira yake yote ilianguka hatua nzima ndani, salama salimini, pale ambapo hakuna mtu duniani angeweza kusema nje, na pale pale ndipo mwenzake alipokuwa akiingojea. Yule kocha alikauka koo.

"Piga mstari, Cuca! Kona iko wazi!"

"Wakisema nje?"

"Kuna mwamuzi!"

"Hata siku ile alikuwepo mwamuzi."

"Siku ipi?"

Cuca hakumwambia. Angesemaje? Angesema baba yangu? Magazeti ya michezo, ambayo kazi yao ni kumcheka aliyeanguka, yakamwita Doña Con Permiso, kwa yale maneno tunayosema tukitaka kupita mbele za watu: samahani, naomba nipite. Yalidai kwamba msichana wa Toluca hushinda kwa kuomba ruhusa. Jina likamganda. Alilichukia kuliko alivyochukia kushindwa.

Na Paris, ambayo majirani wanajivunia, ilikuwa hivi. Alibakiza mechi moja aingie kwenye mashindano yenyewe, na katika mechi hiyo akabakiza pointi moja. Udongo mwekundu vilevile. Mwenzake, msichana mrefu wa Ucheki, alikuwa ameteleza, yuko magotini upande mmoja, na upande wa pili kona yote iko wazi, imelala inamngoja. Cuca aliuweka mpira katikati. Yule msichana akainuka, akaurudisha. Akainuka, akashinda. Huko chumba cha kubadilishia nguo Cuca alivunja raketi zake zote, moja baada ya nyingine, mpaka wakaja kumwuliza kama anaumwa.

Baba yake alimpigia simu. Alikuwa ameiangalia mechi kwenye televisheni ya baa ya klabu, amesimama mlangoni.

"Kwa nini katikati, binti?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa kweli. "Kona ilikuwa wazi. Kwa nini katikati?"

Cuca alikata simu. Hakuzungumza naye mpaka Krismasi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na ubaya wake ni kwamba huwezi kuivua nguo. Mama alipofariki, magoti nayo yakawa yamekufa, Cuca alirudi Toluca akamchukua baba yake akae naye. Klabu ilikuwa imekwisha kumwondoa kazini, kwa mkono wa heri na keki. Cuca akaanza kufundisha watoto kwenye viwanja vya saruji vya manispaa, nyuma ya soko. Mzee alikuja naye kila siku, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakunywa atole yake, ule uji wa mahindi, anatazama. Waliongea kuhusu mvua, kuhusu bei ya nyanya, kuhusu shangazi aliyevunjika nyonga. Kuhusu ule mpira hawakuongea.

Ndipo siku moja gari refu jeupe likasimama kando ya uzio, akashuka Ximena Landeta, sasa mwenyekiti wa klabu, amevaa miwani ya jua mikubwa kama visahani.

"Cuquita! Mpenzi wangu! Hujabadilika hata kidogo!"

"Nimenenepa. Unataka nini?"

Ximena akacheka. "Yule yule! Sikiliza, tunataka kukuenzi. Ungali hai. Hatutaki kungoja ufe."

"Nife lini?"

"Cuca, jamani! Uwanja utaitwa jina lako, ule wa mbele. Bamba la shaba ukutani. Papa atahutubia, kutakuwa na chakula. Na ile raketi, mnayo bado? Tutaiweka kwenye kabati la vioo."

Cuca alikwisha kufungua kinywa kusema hapana, tena hapana yenye matusi. Lakini nyuma yake mzee alikuwa ameinuka kutoka kwenye ndoo. Kofia mkononi. Mzee wa miaka themanini na moja mbele ya mwanamke wa miaka arobaini.

"Naam, senyorita Ximena," alisema. "Tuko chini ya amri yako."

Cuca alitaka kumtupia mtu ndoo ile, ila hakujua amtupie nani.

Nyumbani don Hermilo aliishusha raketi kutoka kwenye msumari, pale ilipokuwa ikining'inia kando ya picha ya Bikira, akaanza kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. "Jina la Zavala kwenye ukuta wa klabu," alisema. "Laiti mama yako angeliona."

"Nitakwenda kwa sharti moja, papa."

"Sema, binti."

"Mbele yao wote utasema ule mpira ulianguka wapi."

Mzee aliendelea kupangusa. "Mbele ya kompadre?"

"Mbele ya kompadre. Na usiposema, papa, nakuapia kwa kaburi la mama, nitakuacha huko huko. Akulishe yeye. Akuzike yeye."

Don Hermilo aliipuliza raketi kuondoa vumbi ambalo halikuwepo, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Jumamosi wakafika na pikapu ya Cuca, mzee amevaa suti ya harusi yake. Kabla Cuca hajazima injini, baba yake alikwisha kushuka, amekwisha kushika njia ya mapipa ya taka.

"Papa! Mlango wa mbele!"

"Huku ni karibu, binti."

"Mlango wa mbele, nimesema!" Akamshika mkono wa koti akamgeuza kama mtoto, na mlinzi wa getini akajifanya anatazama simu.

Watu walikuwa wengi, miavuli ile ile, maji ya ukwaju yale yale. Cuca akautafuta uwanja wa mbele kwa macho, na alipouona damu ilimpanda. Udongo ulikuwa mkavu, umepasuka, magugu yameota kando ya mistari. Pembeni pameegeshwa tingatinga la njano, na utepe wa plastiki umezungushwa kote.

"Umeona?" Ximena alimkumbatia bega. "Jumatatu tunachimba. Vitakaa viwanja vitatu vya padeli, vya vioo, kisasa kabisa. Na wa katikati ni wako!"

Padeli ni ule mchezo wa kwenye kisanduku cha vioo, nusu tenisi nusu sijui nini, ambao siku hizi kila mwenye tumbo anaucheza ili ajione mwanamichezo. Cuca alikuwa amekimbia maisha yake yote kwenye udongo ule na udongo wa watu wengine, na sasa jina lake lingebandikwa kwenye bilauri.

"Baba yangu ameulea uwanja huu," alisema.

"Ndiyo maana tumemweka mstari wa mbele, mpenzi. Kaa, kaa, papa anaanza."

Don Evaristo alihutubia akiwa ameegemea mkongojo, koti la kijivu, sauti bado ya kiwanda. Alisema yeye ndiye padrino. Alisema bila raketi yake huyu binti angekuwa anauza nyanya. Alisema klabu ilimlea, klabu ilimtuma, klabu ilimfikisha Paris. Watu walipiga makofi. Don Hermilo alipiga makofi, raketi iko magotini ndani ya plastiki yake. Kisha mzee Landeta akainua kidole, na uso wake ukajaa utani.

"Lakini mniambie! Huyu aliyecheza Paris, aliyewatoa jasho Waturuki, ni nani aliyemfunga hapa hapa, kwenye udongo huu? Hamjui? Binti yangu!"

Kicheko kikalipuka. Ximena akafunika uso, eti aibu. Na Cuca akageuka, akamwona baba yake naye anacheka, kile kicheko chake cha kazini, mkono mbele ya mdomo ili meno yasionekane.

Cuca hakungoja kuitwa. Alipanda jukwaani, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Ule mpira ulikuwa ndani."

Watu walitazamana. Mpira gani? Wengi walikuwa hawajazaliwa. Lakini Ximena hakuuliza mpira gani. Aliondoa mkono usoni, na miwani ikabaki imekaa upande.

"Cuca, tafadhali," alisema. "Tulikuwa watoto."

"Ndani."

"Baba yako mwenyewe alisema nje!" Sasa utamu wote ulikuwa umemtoka. "Mwenyewe! Kwa mdomo wake! Tulimwita akasoma alama, na akasema nje. Yuko hapa, aulizwe! Don Hermilo, waambie."

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," alisema don Evaristo, akipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Kompadre, mwambie binti yako ashuke. Nyama inapoa."

Macho yote yakamgeukia mzee. Don Hermilo alisimama taratibu, raketi kifuani. Akamtazama kompadre wake. Cuca alimwona akimtazama, vile vile, uso ule ule ulioinuka kutoka kwenye alama miaka ishirini na minne iliyopita, na moyo wake ukawa mgumu kama saruji ya manispaa. Alishika funguo za pikapu mfukoni. Akisema nje, naondoka, alijiambia. Akisema nje, sina baba.

Mzee alikwenda kwenye utepe wa plastiki, akainama, akapita chini yake. Viatu vyake vilivyopigwa dawa vikazama kwenye vumbi jekundu. Alitembea mpaka kona ya mbali, akapiga goti moja, kisha la pili, akishika ardhi kwa mkono. Akachora duara dogo kwa kidole, nusu udongoni, nusu juu ya mstari.

"Hapa," alisema.

"Hatusikii!" alisema mtu mmoja nyuma.

"Sema, papa," Cuca alisema, na kipaza sauti kikampeleka mpaka jikoni.

"Ulikuwa ndani."

"Kwa sauti!"

"Ulikuwa ndani!" Mzee alipiga kelele, na wote waliowahi kufanya naye kazi hawakuwa wamewahi kuisikia sauti ile. "Niliuona! Niliuona uko ndani, nikaufuta, kwa sababu kompadre wangu alikuwa ananitazama!"

Hata wahudumu walisimama na sahani mikononi. Don Evaristo aligonga mkongojo chini.

"Umezeeka, kompadre. Unachanganya mambo."

"Nimezeeka, don Evaristo," alisema don Hermilo, akiinuka kwa shida. "Sichanganyi."

Hakusema kompadre. Kwetu hapo hapahitaji kelele zaidi. Kila mtu alisikia neno ambalo halikusemwa. Alirudi chini ya utepe, akaitoa raketi kwenye plastiki, akaiweka juu ya meza mbele ya mzee Landeta, kati ya majagi ya ukwaju. "Hii ni ya Ximena," alisema. "Ina maua yake."

"Kweli fadhila za punda—" alianza Ximena.

"Ni mateke," Cuca akammalizia. "Tena yangu yamechelewa. Na jina langu liondoeni. Wekeni la mwenye vioo."

Wakatoka kwa mlango wa mbele, bila kula, mzee ametangulia.

Ndani ya pikapu, mpaka taa za barabara kuu, don Hermilo alikuwa anajipangusa vumbi magotini, polepole, mahali palepale.

"Umeridhika, binti?"

"Hapana."

"Bado una hasira na mimi?"

"Kuliko jana." Cuca alibadilisha gia vibaya, gari likalia. "Unajua miaka yote nilijiambia nini? Nilijiambia labda jua lilikuwa machoni mwako. Labda hukuuona vizuri. Leo umeniambia uliuona. Sasa hata hilo jua sina!"

Mzee alilia. Hakulia kwa sauti. Alilia akitazama dirishani kama mtu anayesoma vibao vya maduka. Cuca hakumbembeleza. Kumbembeleza kwa lipi? Alisimamisha gari penye mama anayeuza taco, tortilla zilizokunjiwa nyama, akaagiza za soseji za kijani za Toluca, na wakala wamesimama, mgongo wa mmoja kwa mwenzake. Mara mkono wa mzee ukaja kutoka upande, ukamwekea kwenye tortilla yake soseji yote, kama siku ile. Cuca aliitazama. Kisha akaila, kwa hasira, akatafuna kila kipande.

Jumatatu tingatinga lilichimba. Hayo hayakuzuilika, wala hakuna aliyedhani yatazuilika. Leo kuna vioo pale, na uwanja wa katikati una jina la kampuni ya bima. Asubuhi ile ile don Hermilo alikaa juu ya ndoo yake nyuma ya soko, na watoto walipoanza kucheza akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ndiye mwamuzi wa mistari.

"Ndani!" alipaza mpira wa kwanza ulipoanguka. "Ndani! Ndani!"

"Papa!" Cuca alifoka. "Huo ulikuwa nje! Mkono mzima!"

"Najua, binti. Ile 'ndani' moja niliizuia sana, sasa zinanitoka zenyewe."

"Basi zizuie! Hawa ni watoto wa watu, na wao wana haki yao!"

Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanaangusha raketi. Cuca akawafukuza upande, uso umekunjamana. Aliwaambia hakuna hata mmoja anayejua kupiga, wote wanapiga katikati kama waoga, watazame. Akarusha mpira juu. Magoti yakalia. Akaupiga kwa nguvu zote zilizobaki mwilini, ukaenda kuanguka kona ya mbali, juu ya mstari wenyewe, chokaa ikaruka.

Akamgeukia baba yake, mikono kiunoni, anahema.

"Haya! Huo je?"

Kwenye saruji mpira hauachi alama. Don Hermilo aliinuka kutoka kwenye ndoo. Akavua kofia, akaishika mkononi.

"Ndani," alisema.